Kupiga hema bure porini karibu na Phoenix: mahali tunapapataje?

SWALI: Kaka, sisi tunaishi Glendale, hapa hapa Phoenix upande wa magharibi. Tuko mimi, mume wangu na watoto watatu, mkubwa ana miaka kumi na mmoja. Kambi za kulipia tukizitafuta kwenye intaneti tunakuta zimeshikwa miezi mbele, na penye nafasi ni kama kulala kwenye maegesho ya magari. Mwenzangu kazini ananiambia ipo ardhi ya serikali ambayo unapiga hema popote, bure, bila kumwomba mtu. Naogopa. Kwetu ardhi isiyo na mwenyewe haipo. Je, ni kweli? Na kama ni kweli, nyie mnaolala huko mnapataje mahali? Gari letu ni Toyota Sienna, la kifamilia, si la porini. Mume wangu naye anauliza kama kuna simba.

JIBU: Dada yangu, mwenzako hakukudanganya, ila amekurahisishia mno. Kulala porini bure kunaruhusiwa kisheria. Zaidi ya theluthi moja ya Arizona ni ardhi ya serikali kuu ya Marekani, na sehemu kubwa ya hiyo unaweza kuingia ukalala bila tiketi, bila kuweka nafasi, bila kupiga simu. Huko hukuti meza, bomba wala choo, na pipa la taka ni gari lako mwenyewe. Ukomo wa kawaida ni siku 14, kisha unahama.

Pale uliposema ardhi isiyo na mwenyewe haipo, hapo ndipo penye jibu lako. Watu wengi wanaoniuliza huanza na "nitumie lokesheni". Siwatumii. Lokesheni inayozunguka kwenye simu za watu ni mahali palipochoka: pamejaa chupa, pana matrela kumi, na pengine pameshafungwa tangu mwaka juzi. Mimi huanza na mwenye ardhi. Ukishajua ni ya nani, mahali pa kulala utapata mwenyewe.

Kwenye ramani za serikali za huku kila mwenye ardhi ana rangi yake. Kijani ni msitu wa taifa, chini ya Idara ya Misitu. Njano ni ya shirika la kusimamia ardhi za umma ambalo kila mtu huliita BLM. Hizo mbili ndizo zenu. Nyeupe ni ya mtu binafsi, usiingie. Buluu hafifu ndiyo inayowanasa wengi: ni ardhi ya jimbo la Arizona. Ukiiona kwa macho ni jangwa tupu kama jangwa lingine, hakuna ukuta, pengine hata seng'enge hakuna, lakini si ya umma kwa maana unayoifikiria. Jimbo lilipewa ardhi hiyo ili mapato yake yasaidie shule na taasisi nyingine za umma, kwa hiyo anayeingia kutembea au kulala anatakiwa awe na kibali cha Idara ya Ardhi ya jimbo. Kinanunuliwa kwenye intaneti, kipo hata cha familia, na bei yake haitishi. Kama mnatembea sana pembezoni mwa jiji, kinunueni.

Kisha kuna ardhi za mataifa ya Wahindi Wekundu wenyewe. Mkitoka Phoenix kwa barabara kuu namba 87 kwenda Payson, mnapita ndani ya ardhi ya Salt River Pima-Maricopa na baadaye ya Fort McDowell Yavapai. Jangwa halibadiliki, saguaro, zile kaktasi ndefu, ni zile zile, lakini pale mko nyumbani kwa watu. Kulala humo bila ruhusa yao ni sawa na mtu kuja kutandika mkeka uani kwako. Na vilima vile vilivyo ndani ya jiji, South Mountain au hifadhi ya McDowell kule Scottsdale, vifuteni kabisa kwenye hesabu zenu. Ni vya kutembea mchana.

Sasa ramani. Kila msitu wa taifa una ramani ya barabara za magari iitwayo MVUM. Inatolewa bure, na unaweza kuifungua kwenye simu kwa programu kama Avenza. Ipakue ukiwa nyumbani kwenye Wi-Fi. Simu haihitaji mtandao kujua ilipo, inahitaji ramani tu, na huko porini mtandao utakukimbia mapema. Nakutahadharisha kwamba MVUM ni ramani mbaya kwa macho: nyeusi na nyeupe, haina milima wala vivutio. Lakini ndiyo inayosema gari lako linaruhusiwa wapi. Barabara isiyokuwemo imefungwa kwa magari, hata kama ardhini unaiona ina alama mpya za matairi. Ukiona vitone pembeni ya barabara, maana yake unaruhusiwa kuingia na gari hatua fulani kutoka barabarani ili upige kambi, mara nyingi futi 300. Pasipo na vitone, egesha pembeni kabisa ya barabara na mbebe hema kwa mikono.

Ukishapata barabara halali, fungua picha za setilaiti uikuze. Unatafuta vijia vifupi vinavyochepuka na kuishia, kama kidole kilichokatwa, na mwisho wake pana kipara cha udongo mweupe. Ukikuza zaidi utaona nukta nyeusi katikati. Hiyo ni duara la mawe la moto wa watu waliotangulia. Hapo ndipo pa kulala. Mahali palipokwisha kukanyagwa ni bora kuliko kusafisha kipya, kwa sababu udongo wa jangwa ukishapondwa unachukua miaka mingi kurudi, na pia kwa sababu aliyelala pale kabla yako alishapima mteremko kwa mgongo wake. Weka alama tatu, usiweke moja. Cha kwanza utakuta kina mtu, cha pili kitakuwa na vioo vya chupa, utalala cha tatu.

Hayo yote ni kazi ya mezani. Kinachoamua zaidi ni mwinuko na mwezi. Phoenix iko chini, kama mita 330 tu juu ya bahari. Wewe ulikuwepo mwaka 2023, siku 31 mfululizo joto lilifika nyuzi 110 za Fahrenheit au zaidi, yaani zaidi ya 43 za Selsiasi. Mtu akikuonyesha mahali pazuri jangwani mwezi wa Julai, hata pawe pazuri kama peponi, mwambie asante. Kuanzia Novemba hadi Machi jangwa ni letu. Kuanzia Mei hadi Septemba tunapanda mlimani.

Kwa baridi, pa kuanzia ninapowapa watu wenye gari la kawaida ni Agua Fria. Ni eneo la BLM la zaidi ya ekari 70,000, kaskazini mwa Phoenix kwa barabara ya I-17. Mnashuka kwenye njia ya kutokea namba 259, barabara ya Bloody Basin. Jina lisikutishe, "Bonde la Damu" siku hizi ni nyasi, ng'ombe na upepo. Maili za mwanzo Sienna inapita vizuri kukiwa kukavu. Kukinyesha, geuza: udongo ule ni mfinyanzi, unashika matairi kama ugali wa moto. Msifike kwenye kivuko cha mto, mtapata vichepuko kabla yake. Mwinuko ni zaidi ya mita 1,000, kwa hiyo usiku wa Januari maji kwenye ndoo yanaweza kuganda, na watoto wa Glendale hawaijui baridi hiyo. Wenyeji wa kale waliishi kwenye nyanda zile hadi karibu na miaka ya 1400, na mabaki ya kuta zao na vigae vya vyungu vingali vimelala ardhini. Waoneshe watoto, kisha virudishwe vilipokuwa. Kutia kigae mfukoni ni kosa la sheria ya serikali kuu.

Kwa joto, mnakwenda Ukingo wa Mogollon, lile genge refu la mlimani. Mnapita Payson, mnapanda kwa barabara namba 260, na ndani ya muda mfupi mmetoka kwenye miiba mkaingia kwenye misonobari, mita 2,300 hivi juu ya bahari. Phoenix ikiwa 43, kule huweza kuwa 27. Juu ya ukingo inapita Barabara ya Msitu namba 300. Hapo ndipo watu wanapokosea: upande wa mashariki, wa msitu wa Apache-Sitgreaves, kulala kando ya barabara hiyo kunaruhusiwa kwenye viwanja vilivyowekewa alama tu, na majira ya joto vinajaa kabla Ijumaa haijafika jioni. Ukikuta hakuna kilichobaki, usijibanze katikati ya viwili. Rudi Payson, fuata namba 87 kupita Pine na Strawberry mpaka uingie msitu wa Coconino. Kule kuna nafasi zaidi, ingawa na kwenyewe soma MVUM. Sedona msiende kwa ajili hii. Sehemu kubwa za pale wamezifunga, mmebakiwa na viwanja maalumu vilivyojaa, na kiangazi kuna joto bado.

Kabla ya safari ya hema, nendeni siku moja bila hema. Bebeni chakula, ingieni barabara mliyoichagua, mtazame, mrudi kulala nyumbani. Watu wanaona ni kupoteza mafuta. Mimi nilipata somo hili kwa aibu. Mwaka wangu wa pili Arizona nilifika porini saa tatu usiku, nikaona kwa taa za gari mahali tambarare, safi, pana tangi la chuma lenye maji. Nikasema Mungu ni mwema, nikapiga hema. Alfajiri nikasikia pumzi. Nikafungua zipu: ng'ombe kama thelathini wamesimama mbali kidogo wakitutazama, hawasogei. Punde akaja mzee na pikapu, akazima injini, akatusalimu kwa upole, akaniuliza kama najua kwa nini ng'ombe wake hawanywi. Mimi nimekulia Singida. Najua mtu halali kwenye lambo. Nilitamani ardhi inimeze. Sheria ya Arizona inakataza kupiga kambi ndani ya robo maili kutoka kisima au tangi la maji kiasi cha kuwazuia wanyama wa pori au mifugo wasiyafikie. Robo maili ni mita 400. Nami nilikuwa hatua kumi. Tangu siku ile nafika kabla ya saa tisa alasiri. Na lango la seng'enge mkilikuta limefungwa, lifungeni tena nyuma yenu. Mkilikuta wazi, liacheni wazi, mwenyewe anajua sababu.

Jambo jingine ambalo gizani huwezi kulisoma ni korongo. Makorongo ya huku yana mchanga laini, tambarare, na miti ya kivuli, yaani kila kitu anachokitaka mtu mwenye hema. Usilale humo. Kuanzia katikati ya Juni hadi mwisho wa Septemba ni majira ya mvua za radi. Mvua inaweza kunyesha mlimani maili nyingi kutoka ulipo, juu yako nyota zinang'aa, na maji yakaja na magogo. Tazama matawi ya vichaka kandokando: ukiona nyasi na takataka zimenasa kimo cha kiuno, hapo ndipo maji yalipofika mara ya mwisho. Na kule kwenye Ukingo wa Mogollon msipige hema pembeni kabisa penye mandhari. Ndipo radi inapopiga.

Moto niseme kwa kirefu kidogo, maana sisi kambi bila moto tunaona kama msiba bila chai. Karibu kila mwaka, miezi ya Mei na Juni, misitu na BLM hutangaza vizuizi. Hatua ya kwanza inapiga marufuku moto wa kuni na wa mkaa nje ya kambi rasmi, kwa hiyo nyama choma yenu inabaki Glendale. Jiko la gesi lenye kufungwa kwa vali huruhusiwa. Hatua zikipanda, msitu hufungwa kabisa, hata kuingia huingii. Tazama tangazo asubuhi ya safari, usitegemee la wiki iliyopita. Na hata kukiwa hakuna kizuizi, uzime kwa maji, koroga, mwaga tena, kisha weka kiganja kwenye majivu. Kikiungua, bado. Mwaka 2010 karibu na Flagstaff moto wa kambi ulioachwa ulizaa moto wa Schultz, ekari 15,000. Mwezi uliofuata mvua zilinyesha juu ya mlima usio na majani tena, mafuriko yakashuka, mtoto wa miaka 12 akafa. Gari nalo ni jiko: moto wa Bush, mwaka 2020, uliokula zaidi ya ekari 190,000 za msitu wa Tonto, ulianzia kwenye gari lililowaka moto kando ya njia. Usiegeshe Sienna juu ya nyasi kavu, chini yake kuna bomba la moshi lenye joto kali. Na mkipotea, tafadhali, msiwashe moto wa kuomba msaada. Mwaka 2002 mtu aliyekwama alifanya hivyo, moto wake ukaungana na mwingine uliowashwa na mtu, zikateketea ekari kama 468,000.

Nisikufiche jambo moja ambalo vitabu vya kambi haviandiki kwa ajili yetu. Asubuhi ya Jumamosi unaweza kusikia risasi. Kulenga shabaha kunaruhusiwa sehemu nyingi za ardhi hizi, na kando ya barabara ya 87 karibu na jiji ni jambo la kila wiki. Nimewahi kupeleka familia kutoka Kivu ya Kusini, mama akawa chini ya gari na watoto wake kabla sijafungua mdomo. Waambie wako mapema. Ukikuta ardhini maganda ya risasi na masanduku yaliyotobolewa, songa mbele maili kadhaa, hapo si pa kulala. Askari wa msitu akija, hana neno, atauliza mnakaa siku ngapi na ataangalia moto. Asiye raia mwenye miaka 18 na kuendelea atembee na kadi yake ya uhamiaji, sheria inataka hivyo, na mkielekea kusini mwa jimbo barabara kuu zina vituo vya ukaguzi. Na mkitaka kuja na kanisa zima, watu 75 au zaidi kwenye msitu wa taifa mnahitaji kibali maalumu. Chini ya hapo mko huru, ila ngoma zinasikika mbali.

Choo: chimba kwa koleo dogo inchi 6 hadi 8, hatua themanini kutoka kwenye maji au korongo, fukia, karatasi rudi nayo kwenye mfuko. Maji: lita 4 kwa kila mtu kwa siku ya kunywa na kupika, ninyi watano kwa siku mbili ni 40, na ndoo moja ya ziada ya kuzima moto. Mwachie ndugu karatasi yenye jina la barabara na saa ya kurudi. Hakikisha spea ya Sienna ina upepo, na kama gari lenu ni la aina isiyo na spea kabisa, baki kwenye barabara kubwa ya changarawe. Beba chanuo pia. Kuna mmea uitwao cholla, vipande vyake huruka kama vimerushwa, hushika mguu wa mtoto, na ukiking'oa kwa vidole kinahamia kwenye vidole. Pitisha chanuo kati ya kipande na ngozi, ukirushe kwa mkupuo mmoja.

Na mume wako mwambie simba wapo, ila ni puma, wa rangi moja, hana manyoya shingoni, na mimi kwa miaka yote sijamwona zaidi ya nyayo. Watoto wasitembee peke yao jioni, basi. Watakaokusumbua hasa ni panya, nguruwe wadogo wa jangwani, na kule juu kwenye misonobari, dubu weusi. Hao wote wanakuja kwa pua. Kwa hiyo dagaa wako, dada, najua utawabeba, wafunge kwenye ndoo yenye kifuniko ulale nao ndani ya gari, si ndani ya hema.